Waya wa Mashuka

Makubaliano yaliandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa kalamu ya bluu, yakabandikwa jikoni juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusema hakuyaona. Bibi ndiye aliyetunga maneno. Mjomba ndiye aliyeyaandika, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mkubwa. Babu alitia sahihi kwa hasira, na sahihi yenyewe ikatoboa karatasi. Yalisema hivi: "Taa zote zikiwaka mbele ya mkaguzi siku ya Alhamisi, gari ni gari. Hata moja isipowaka, gari ni banda la kuku."

Gari lenyewe lilikuwa limezeeka sawa na Babu, ila lenyewe lilikuwa limepakwa rangi. Chini lilikuwa la damu ya mzee, juu la maziwa, na taa zake mbili kubwa zilitokeza mbele kama macho ya mtu aliyeambiwa habari asiyoiamini. Injini ilikuwa nzima. Kila Jumapili Babu aliiwasha, akaisikiliza dakika tano akiwa amefumba macho, akaizima. Lakini taa hazikuwa zimewaka tangu panya walipokula nyaya, na panya walizila miaka kumi na moja iliyopita.

Bibi aliliita gari hilo Bi Mdogo.

"Mimi nina wake wenza wawili," aliwaambia wageni. "Mmoja ni huyu mjukuu wetu, anayeitwa mke wangu, mke wangu, kutwa nzima. Huyo simwonei wivu, anaosha vyombo. Mwingine yuko kibandani anakunywa mafuta, wala hajawahi kuniuliza nimeamkaje."

Mjukuu huyo aliitwa Tulia. Si jina alilopewa alipozaliwa. Alilipata gereji, alikokuwa fundi wa umeme wa magari, kwa sababu kila mwenye gari alipoanza kumfokea kwamba ana haraka, yeye alimwambia neno hilo moja tu na kuendelea na kazi yake. Siku ya Jumatano asubuhi aliomba ruhusa kwa bosi wake, akabeba mkoba wa vifaa, akaja kumwekea Babu taa. Aliingia uani akainama kupita chini ya nguo zilizoanikwa, akamwamkia Bibi aliyekuwa akiwamwagia kuku pumba, akaenda moja kwa moja kibandani.

Akakuta kazi imeshafanywa. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mjomba wake, kaka yake mama, alikuwa fundi wa umeme wa majumbani. Watu walimwita Swichi, na mwenyewe hakukataa. Usiku uliopita alikuwa amejitolea kumsaidia baba yake, na alikuwa amefanya kazi safi, iliyonyooka, yenye vibano kila baada ya shubiri. Ila alikuwa ameliwekea gari umeme kama nyumba.

Tulia alifungua mlango wa dereva. Kwenye dashibodi kulikuwa na swichi saba za ukutani, nyeupe, zimepangwa mstari.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Usiguse kwanza, nikueleze. Hii taa ya mbele kulia. Hii ya mbele kushoto. Hizi mbili za nyuma. Hii ya namba. Hii ya breki."

"Ya breki ina swichi yake?"

"Kila taa ina swichi yake. Ndiyo kazi."

"Sasa dereva akikanyaga breki?"

"Anamwambia aliyekaa pembeni abonyeze."

Tulia alinyoosha kidole. "Na hii ya saba?"

"Ya akiba."

Chini ya swichi, karibu na magoti ya dereva, kulikuwa na soketi ya ukutani. Tulia aliitazama, kisha akamtazama Mjomba.

"Nyumba bila soketi ni stoo," Mjomba alisema.

Honi nayo ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo Mjomba alikuwa amefunga kengele ya mlangoni. Babu, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma akiwa amevaa koti kabisa, aliinama mbele akabonyeza. Ting-tong, ikalia.

"Tamu," Babu alisema. "Lakini taa, mke wangu. Njoo uone taa."

Kwa kuwa jua lilikuwa limeshapanda, hawakuweza kujua kama taa zinawaka mpaka waweke giza. Babu alitandaza blanketi juu ya boneti na taa zote mbili, yeye na Tulia wakajitumbukiza chini yake kwa kichwa, Mjomba akabonyeza swichi ya kwanza. Ndani ya blanketi kulikuwa na harufu ya nondo na petroli. Taa ikawaka. Mwanga wake ulikuwa wa njano, umechoka, na ulitosha kumwonyesha Tulia pua ya Babu lakini haukufika masikioni.

"Inawaka?" Mjomba aliuliza kutoka mbali.

"Inajaribu," Tulia alisema.

Nyuma yao wakasikia sauti ya Bibi. "Nyie mnaonyonya gari, chai ipo mezani."

Wakatoka. Bibi alisimama na ndoo ya pumba mkononi, kuku wake wakimzunguka miguuni. Tulia alizoea kuvihesabu vitu bila kukusudia, na alihesabu kuku kumi na mmoja. Wa madoadoa hakuwepo. Jambo la ajabu ni kwamba Bibi, ambaye angeamsha mtaa mzima kwa ajili ya yai moja, hakumuuliza mtu kuku wake yuko wapi. Tulia aliliweka hilo kichwani akanywa chai.

Mezani alieleza kwa utaratibu. Magari ya siku hizi yana betri ya volti kumi na mbili. La Babu lina sita. "Umeme wake ni mdogo, Babu, kwa hiyo njia yake lazima iwe pana. Ukiupitisha kwenye waya mwembamba unachoka njiani, unafika kwenye taa umeishiwa."

"Waya wangu si mwembamba," Mjomba alisema. "Huo huo unawasha jumba la ghorofa mbili."

"Jumba lina umeme wenye nguvu, Mjomba. Halafu waya wako una uzi mmoja mgumu ndani. Gari linatikisika. Uzi mmoja ukitikiswa kila siku unakatika. Nyumba haitikisiki."

"Moja ya nyumba zangu ilitikisika."

"Ile iliyoanguka?" Babu aliuliza.

"Haikuanguka, baba. Iliinama."

Ikakubalika waende dukani kuchagua waya mwingine, wote watatu, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuwaachia wengine wachague.

Duka la vipuri lilikuwa jembamba kama ujia, na mabunda ya nyaya yalining'inia darini ya rangi zote, hata mteja mrefu alilazimika kuyapenyeza kichwa kama anayeingia kwenye pazia. Mwenye duka aliitwa Pima. Alipima waya kwa mikono yake aliyoinyoosha huku na huku, na kwa kuwa alikuwa mtu mfupi, wateja wenye akili walikuja na ndugu mrefu wa kuwapimia. Aliwaamkia Babu na Mjomba, akamwuliza Tulia, "Leo dada umekuja na kamati?"

"Nimekuja na wenye gari."

Babu hakungoja. Macho yake yalikuwa yameshatua pembeni, kwenye waya uliovishwa kitambaa cha kusuka, cha rangi ya kahawia chenye mistari ya manjano. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyekutana na rafiki wa shuleni.

"Huu," alisema. "Huu ndio wenyewe. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na nguo kama hii. Mke wangu, tumepata."

"Huo ni waya wa pasi, mzee wangu," Pima alisema kwa upole.

"Na gari halipati joto?"

Mjomba naye alikuwa ameshakumbatia bunda la waya wa nyumba, ule ule wa jana, ila wa rangi ya kijani. Alisema labda tatizo lilikuwa rangi.

Tulia hakubishana. Aliomba vipande vifupi, kila aina kimoja, akavipanga juu ya kaunta. Alichukua ule wa Mjomba akaukunja, akaukunjua, akaukunja, akaukunjua. Mara ya tisa ukakatika ndani ya ganda, ukalegea kama kidole kilichovunjika. Mjomba aliutazama, kisha akautia mfukoni, kana kwamba asingependa watu aliowafungia umeme majumbani wauone ukiwa hivyo. Ule wa pasi Tulia aliumenya akaonyesha nyuzi zake, nzuri, laini, nyembamba kama nywele za mtoto.

"Huu unatikisika bila kukatika, Babu, lakini ni mwembamba. Taa mbili kubwa zikiwaka pamoja utapata moto, kitambaa kitanukia."

"Kitanukia vipi?"

"Kama gari linaloungua."

Babu alimeza mate lakini hakuuachia.

Uliofaa ulikuwa wa tatu. Ulikuwa mnene, mwekundu, wenye nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Tulia aliumenya, akakwangua uzi mmoja kwa kisu kuona kama ni shaba mpaka ndani au umepakwa tu juu. Ilikuwa shaba mpaka ndani. Akauzungusha kidoleni, ukatii.

"Huu," alisema. "Nataka mita ishirini."

Pima alikuna shingo. "Hicho kipande ndicho kilichobaki, dada. Bunda lote limeondoka juzi. Alikuja mama mmoja mtu mzima, akachukua mita ishirini zote. Nikamwuliza, mama, wa gari gani? Akasema si wa gari, wa mashuka."

"Wa mashuka," Mjomba alirudia, akacheka. "Watu wengine bwana."

Babu pia alicheka. Tulia hakucheka. Alikuwa anakumbuka asubuhi, jinsi alivyoinama kupita uani, na kilichompita juu ya kichwa. Babu na Mjomba walikuwa wameinama chini ya kitu hicho hicho tangu juzi, mara kumi kwa siku, na mwanamume anayeinama huwa anatazama viatu vyake.

"Babu," alisema, "lipia huo wa pasi. Mita tatu. Tuna kazi nao. Halafu twende nyumbani tukaongee na Bibi, na mniachie mimi niongee."

Waya mwekundu ulikuwa umekazwa kutoka nguzo ya kona ya nyumba mpaka nguzo ya karibu na choo, ukaenda na ukarudi. Juu yake kulikuwa na mashuka mawili mazito, foronya nne, kanga, vitambaa vya meza na shimizi moja. Wanaume wawili walisimama wakiutazama kama watu wanaoonyeshwa nyumba yao wenyewe kwenye picha.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini akichagua mchele. "Kamba ya zamani ilikuwa ya chuma," alisema kabla hajaulizwa. "Ilitia kutu mashuka yangu. Nikamwambia yule kijana wa duka anipe waya usioshika kutu. Mambo ya gari lenu nitayajulia wapi?"

"Mama umefanya makusudi," Mjomba alisema.

"Mimi nimefua. Kufua nako ni makusudi?"

Babu alianza kuvimba. Tulia akamwekea mkono begani akachutama mbele ya Bibi, akaanza kumsaidia kuchagua mchele. Alichagua mpaka wakafika katikati ya sinia.

"Bibi, tunauomba huo waya."

"Nimesikia."

"Nguo zako tutaziangalia."

Bibi aliinua macho kutazama mbingu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki, bado meupe. "Nguo zangu hazigusi chini," alisema. "Hazilali kwenye majani, hazilali kwenye kiti, hazirudi kwenye beseni. Zinabaki zimeanikwa mpaka zikauke. Mkiweza hivyo, fungueni."

Kamba nyingine iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya ndoo ya kisima, na urefu wake haukufika hata nusu ya kutoka nguzo hadi nguzo. Mjomba aliipima mara mbili, kana kwamba mara ya pili ingemwonea huruma. Tulia alimtazama Mjomba, akamtazama Babu. Kisha akafikiria jinsi kazi yake ingekuwa, mmoja akimwelekeza kushoto na mwingine kulia, swichi saba zikilindwa kama mayatima. Wazo likamjia, akahakikisha uso wake hauonyeshi kwamba limempendeza.

"Nguzo zikiwa karibu zaidi, kamba itatosha," alisema.

"Nguzo zimechimbiwa," Babu alisema.

"Hizo zimechimbiwa."

Robo saa baadaye Babu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kamba imefungwa kiunoni juu ya koti, na Mjomba amesimama hatua sita mbele yake, kamba kiunoni vilevile. Mashuka yalikuwa yananing'inia kati yao. Kwa kuwa kamba haikubeba vyote, foronya mbili ziliwekwa kwenye mabega ya Mjomba, na Babu alishika shimizi kwa mikono miwili, mbali na mwili wake, akitazama pembeni.

"Mnapendeza," Bibi alisema. "Ningejua nisingenunua waya."

Tulia akaufungua waya mwekundu, akauviringa mkononi taratibu, akikagua kila hatua kama kuna mahali umevutika. Ulikuwa mzima. Akaenda nao kibandani, akalisukuma gari mpaka pua ikatoka kwenye jua na kuelekea uwanjani, akaanza.

Kwanza alizing'oa swichi saba. Kutoka uwanjani alisikia Mjomba akivuta pumzi kila moja ilipotoka. Kitufe cha zamani cha taa Babu alikuwa amekihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na vocha za petroli na jino lake mwenyewe. Tulia alikirudisha mahali pake, akakwangua kutu kwenye bodi pale nyaya zitakapokamata, akaweka fyuzi, akaanza kupitisha waya.

"Mke wangu," Babu aliita, "kile kitambaa. Usisahau."

"Sijasahau."

Alichukua waya wa pasi, akachomoa nyuzi zake zote ndani, akabaki na kitambaa kitupu, kirefu kama soksi ya nyoka. Akakivisha waya mwekundu pale unapoonekana boneti likifunguliwa. Babu alitaka kuja kuona. Akapiga hatua, Mjomba akavutwa, mashuka yakayumba. "Baba, simama." "Wewe ndiye usimame, mimi naenda." Wakasogea ubavuubavu kama kaa, hatua tatu, shuka likaanza kuburuza, na Bibi akakohoa kutoka kizingitini. Wakarudi hatua tatu.

"Upitishe juu," Mjomba aliita. "Waya wa taa hupita darini."

"Hakuna dari, Mjomba."

"Ndiyo kosa la hilo gari."

Kisha Tulia akaenda nyuma. Mfuniko wa buti haukuwa unafunga vizuri, ulibaki wazi upana wa kiganja. Aliuinua. Ndani, kwenye uwazi wa katikati ya tairi la akiba, juu ya kitambaa cha kufutia vioo, alikaa kuku wa madoadoa. Alijitandaza kama unga uliofurika bakuli. Alimtazama Tulia kwa jicho moja, na jicho hilo lilisema kwamba hapa pana mwenyewe.

"Umemwona," Bibi alisema nyuma yake. Alikuwa amekuja na kikombe cha chai, polepole, bila viatu.

"Nimemwona."

"Mayai tisa. Leo siku ya kumi na nane. Babu yako akijua, atamtoa kwa ufagio."

"Sitasema. Lakini waya wa taa za nyuma unapita hapo alipokaa."

"Upitishe kwingine."

Tulia aliutazama waya uliobaki mkononi, akaupima kwa macho. Kwingine kulikuwa mbali zaidi. Ikiwa ungepungua shubiri moja, taa ya nyuma isingewaka, na gari lingekuwa banda kabla ya Ijumaa. Aliupima tena kwa mkono, taratibu, kupitia ukingoni mwa buti.

"Bibi, kweli unataka kulifuga gari?"

Bibi alikunywa mwenyewe chai aliyomletea mjukuu. "Banda langu linavuja. Nimemwambia kila mvua zikianza. Kila nikimwambia, yuko kibandani anapangusa vioo. Kuku ameona pakavu, akaingia. Mimi nimemfuata kuku tu."

Tulia akapitisha waya ukingoni. Kuku alimdonoa mara mbili, mara ya pili kwa kukusudia. Waya ukafika kwenye taa ya mwisho na ukabaki wa mita moja na nusu hivi.

Alipomaliza, mawingu yalikuwa yamekuwa meusi na uwanja umeingia kiza cha mvua. Nguo zilikuwa karibu kukauka. Tulia akaingia kwenye kiti cha dereva, akavuta kitufe cha zamani.

Duara mbili za mwanga zikatua kwenye mashuka. Zilikuwa kubwa, zimejaa, rangi ya siagi, na shuka lilipotikiswa na upepo nazo zilicheza. Tulia alimwona Babu pembeni ya shuka, anapepesa macho, shimizi bado mikononi. Babu alisogeza kichwa akatazama duara ya kwanza, akatazama ya pili. Kamba ikaanza kutetemeka, mashuka yakatetemeka nayo, mpaka Mjomba akauliza, "Baba, ni wewe au ni upepo?"

"Ni upepo," Babu alisema, akajifuta uso kwa shimizi.

"Hiyo imefuliwa," Bibi alisema, lakini hakusema kwa ukali.

Siku ya Alhamisi walikwenda kwa mkaguzi wakiwa wanne. Bibi alisema lazima aende, ashuhudie kwa macho yake asije akadanganywa. Alikaa nyuma na Tulia, mkoba mapajani, na hawajatoka hata getini akasema, "Mzee, endesha polepole."

Babu aliendesha polepole. Kila shimo lilipotokea Bibi alisema tena, kwa sauti laini ambayo Babu hakuwa ameisikia tangu ujana wao, "Polepole, mzee wangu," naye akazidi kunyooka kwenye kiti. Tulia peke yake ndiye aliyeona kwamba kila gari lilipodunda Bibi aligeuza sikio upande wa buti.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye ubao wa karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alilizunguka gari mara moja.

"Taa za mbele." Zikawaka. "Za nyuma." Zikawaka. "Namba. Breki." Babu akakanyaga, na hakuna aliyembonyezea. Mkaguzi alifungua boneti akaona nyaya zilizovaa kitambaa cha kahawia, zimelala vizuri. Akainama. "Hizi ni za zamani au mpya?"

"Za zamani zilizofanywa jana," Babu alisema.

"Nani kafunga?"

"Mke wangu."

Mkaguzi alimtazama Bibi kwa heshima kubwa. Bibi alipokea heshima hiyo.

"Honi."

Babu akabonyeza. Ting-tong.

Mkaguzi aligeuka kutazama mlango wa ofisi yake. "Karibu," alisema, kisha akajirudi. Kalamu ilibaki hewani. "Tena." Ting-tong. Mjomba alitazama mawingu kama mtu asiyehusika. Mkaguzi akaandika, akitamka taratibu, "Inasikika." Akasogea nyuma. "Tairi la akiba?"

"Lipo," Babu alisema.

"Nilione."

Bibi na Tulia walishuka kwa pamoja. Mkaguzi alikuwa ameshainua mfuniko. Kuku wa madoadoa alimtazama kwa jicho moja. Babu naye akachungulia.

"Mzee," mkaguzi alisema, "tairi liko wapi?"

"Chini ya kuku," Tulia akajibu.

"Mtoeni."

"Kuku anayeatamia hatolewi," Bibi alisema. "Amebakiza siku mbili."

Mkaguzi alinyoosha mkono aguse mpira tu, ajiridhishe. Akadonolewa. Akaurudisha mkono, akautazama, akautia mfukoni. Alisoma fomu yake juu hadi chini, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Mwishowe akaandika kwenye mstari wa tairi la akiba: "Lipo. Linalindwa." Akagonga muhuri.

Njiani kurudi walivuka daraja. Babu akasema, "Siku kumi na tisa unajua, tuko nyumba moja, na hunielezi."

"Miaka kumi na moja nakuambia banda linavuja," Bibi akajibu.

Babu aliendesha kidogo. Mbele yao kulikuwa na shimo. Akalizunguka mbali kabisa, huku akimtafuta kuku kwenye kioo, ingawa asingeweza kumwona.

Jioni ile kalenda ilitolewa jikoni. Taa zote ziliwaka, kwa hiyo gari lilikuwa gari, na Babu aliisoma karatasi kwa sauti mara mbili. Bibi naye akasema hakuna palipoandikwa kuhusu buti. Wakaichunguza pamoja, miwani moja wakipokezana, wakakubaliana kwamba kweli hapakuandikwa. Ijumaa yote Babu alikuwa juu ya paa la banda na misumari mdomoni, Mjomba akimpa mabati na kumshauri aweke na soketi.

Mayai saba yalianguliwa Jumamosi. Hewa ilikuwa ya baridi, na Tulia alichukua ule waya uliobaki, mita moja na nusu, akavuta umeme kutoka taa ya nyuma, akafunga balbu ndogo juu ya tairi la akiba. Vifaranga vikakusanyika chini yake. Babu alikuja kuona akasema mwanga ni mzuri, una rangi.

Bibi alikuwa ameshabeba beseni la nguo alizofua. Alisimama uwanjani akatazama nguzo ya kona ya nyumba, akatazama ya karibu na choo. Kati yao hapakuwa na kitu.

"Waya wangu umo kwenye gari lenu," alisema.

Babu aliingia ndani, akatoka amevaa koti, kamba ya kisima mkononi. Akajifunga kiunoni mwenyewe, akachagua mahali ambapo angeliona gari vizuri, akasimama.

"Mwite mwanao," alimwambia Bibi. "Na leo hiyo shimizi ashike yeye."